Saini kwenye ombi la kuondoa mashtaka ni yako, si ya wizara

Wadogo zetu mnaoanza kuendesha mashtaka India, tusikilizane. Barua ya serikali ya kutaka kesi iondolewe inaingia asubuhi, kufika adhuhuri ombi liko masjala. Jalada hata uzi halijafunguliwa!

1. Kifungu cha kuondoa mashtaka, cha 321 katika sheria ya mwenendo wa jinai ya 1973, sasa ni cha 360 cha Bharatiya Nagarik Suraksha Sanhita, sheria mpya iliyochukua nafasi yake, tangu tarehe 1 Julai 2024. Acheni kunakili fomu za zamani.

2. Jua kesi imefika wapi. Mahakama ikiwa haijaandaa mashtaka, mshtakiwa anaondolewa mashtaka tu. Ikishayaandaa, anaachiwa huru. Hukumu ikisomwa, umechelewa.

3. Hapa ndipo mnapotuua. Ombi linaanza "Kwa maelekezo ya Serikali", linafuata "kwa maslahi ya umma", kisha saini na mhuri. Basi! Serikali inaweza kukushauri, lakini mamlaka ya kuondoa kesi sheria imekupa wewe, na hakimu atakachotafuta ni dalili kwamba ulifikiri. Hapimi ushahidi upya kama anayetoa hukumu. Anaangalia kama una nia njema na kama haki haichepushwi. Kwa hiyo soma maelezo ya mashahidi na ripoti za wataalamu, halafu uandike ni kipi hasa kilichokushawishi.

Mwaka 2000 jangili Veerappan alimteka mwigizaji Rajkumar, akadai wafungwa kadhaa waachiwe. Serikali ya jimbo la Karnataka ikakubali. Mwendesha mashtaka akaomba kuondoa mashtaka ya ugaidi ili utulivu urudi mpakani mwa Karnataka na Tamil Nadu, na mahakama ya Mysore ikaridhia. Baba wa afisa wa polisi aliyeuawa akapinga hadi Mahakama Kuu Kabisa, ambayo Novemba mwaka huohuo ilifuta ruhusa ile. Kosa lilikuwa lilelile: hakuna aliyejiuliza kama kuwaachia watu hao kungemtoa Rajkumar kweli, wala wangefanya nini wakiwa nje.

Kerala nayo: Machi 2015 wajumbe wa bunge la jimbo walivunja kompyuta na vipaza sauti ukumbini. Ombi likajificha nyuma ya kinga ya bunge. Julai 2021 likagonga mwamba. Kuvunja kompyuta si kutunga sheria, jamani.

(Mkenya anayesoma hapa hatashangaa. Ibara ya 157(8) ya Katiba yao inamtaka DPP (mkurugenzi wa mashtaka ya umma) wake naye aombe ruhusa ya mahakama.)

4. Kesi ikichunguzwa na CBI, idara ya upelelezi ya Serikali Kuu, kibali cha Serikali Kuu kiambatishwe. Kusema "kinakuja" hakutoshi.

5. Mshtakiwa ni mbunge, wa sasa au wa zamani? Tangu Agosti 2021, ruhusa ya Mahakama Kuu ya jimbo kwanza.

6. Kifungu kipya kinataka mwathirika asikilizwe. Mpelekee taarifa mapema, na uthibitisho kwamba ameipokea ukae juu kabisa ya jalada, maana hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.