Kumpata mkuu wa idara ya mawasiliano

Ndugu, unasema chuo chenu kimetangaza nafasi ya mkuu wa idara ya mawasiliano mara mbili na hakuna aliyefaa. Shida naiona kwenye tangazo: mnataka mtu mmoja awe mtafiti, mwanahabari wa miaka kumi, mtaalamu wa uhusiano wa umma na fundi wa studio. Huyo hayupo. Yawekeni masharti ya lazima matatu tu: shahada ya uzamivu, cheo cha mhadhiri mwandamizi au zaidi, na uzoefu wa kusimamia watu. Mengine yaandikwe "itakuwa sifa ya ziada".

Kwenye usaili, mhadhara wa wazi pekee haupimi uongozi. Msemaji hodari huwapumbaza wasaili. Mpeni kila mwombaji karatasi yenye wahadhiri tisa, kozi 24 na studio moja ya redio, apange muhula kwa dakika 40. Atakayesahau muda wa kusahihisha kazi za vitendo mtamjua hapohapo.

Kama mko Tanzania na mwombaji ana shahada ya nje ya nchi, ombeni mapema uthibitisho wake kutoka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Ukisubiriwa mwishoni, barua ya ajira hukwama. Wadhamini wapigieni simu, mkiongeza mtu aliyewahi kuwa chini yake.

Na vipindi vya kufundisha atakavyopunguziwa ili aongoze idara viandikwe kwenye mkataba.