Usifunge faili ili ufungue jingine

SWALI: Shikamoo kaka. Natumia Vim, programu ya kuandikia msimbo, kazini, mwezi wa nne sasa. Mradi wetu wa PHP (lugha ya programu) una mafaili zaidi ya sitini. Nikitaka kuhama naandika :q, amri ya kutoka, narudi kwenye folda, natafuta, nafungua upya. Nikirudi nilikotoka, uzi umeshanikatikia. Nifanyeje? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Vidole vyako havina tatizo, tatizo ni hiyo :q. Faili ulilofungua Vim hulishika kwenye kumbukumbu, sehemu tunayoiita bafa, pamoja na mstari uliokuwapo. Ukitoka kwenye programu, orodha yote ya bafa inakwenda na maji.

Kwa hiyo baki ndani. Fungua la pili kwa :e na jina lake, kisha bonyeza Ctrl na ^ (kwenye kibodi nyingi Ctrl na 6 inatosha). Umerudi la kwanza, kwenye mstari uleule. Bonyeza tena, uko la pili. Mimi hushinda hivyo: malipo.php huku, jaribio lake kule, narekebisha mstari, naruka kuuangalia, narudi. Wiki hii jifunze hiyo tu mpaka mkono uifanye bila kuulizwa. Nakusihi kabisa, usibandike karatasi ya amri arobaini ukutani.

Ukizoea, weka kishale juu ya jina la faili, mfano kwenye mstari wa require 'malipo.php' (amri ya PHP ya kuliita faili jingine), ubonyeze gf. Linafunguka. Ctrl na o inakurudisha. Hakuna jina la kuandika, hakuna folda ya kupekua. Yakishakuwa mengi, :ls itakuonyesha yaliyo wazi, na :b mal inatosha kukupeleka malipo.php kama hakuna jingine lenye herufi hizo.

Faili la mipangilio ya mradi, ambalo kila mtu hulirudia mara kumi kwa siku, liwekee alama ya herufi kubwa: ukiwa ndani yake bonyeza mM. Popote ulipo, 'M inakufikisha, hata kesho baada ya kuzima kompyuta.

Jambo moja litakukwaza mapema: Vim hukataa kuliacha faili lenye mabadiliko ambayo hujayahifadhi. Andika set hidden ndani ya .vimrc, faili la mipangilio ya Vim yenyewe, itakuachia. Ila sasa mabadiliko yanaweza kubaki kwenye mafaili usiyoyaona mbele yako, kwa hiyo kabla ya kuinuka kwenda kula, andika :wa, yahifadhiwe yote.