Papi wako alishtuliwa akiwa bado kwa mfugaji? Angalia anavyorudi, sio alivyoogopa tu

Kama umemchukua papi, yaani mtoto wa mbwa, na mfugaji akakwambia "huyu kuna siku alishtuka vibaya", au hakukwambia kitu ila wewe mwenyewe unaona mtoto anajibanza chini ya kiti kila mlango ukigongwa, hii nimeandika kwa ajili yako. Najua ule wasiwasi, unakaa unajiuliza ndo ameshaharibika? atakuwa mkali akikua? nimrudishe? Mi nimelea mmoja wa hivyo, jike, tunamuita Tausi, na kitu ambacho ningependa kila mtu akijue toka siku ya kwanza ni kwamba kuogopa kwenyewe sio tatizo, kila papi anaogopa. Cha kuangalia ni anachukua muda gani kurudi kwenye hali yake baada ya kushtuka, na huo muda unapungua au unaongezeka kadiri wiki zinavyoenda.

Tuanze na umri maana watu wengi wanauruka. Papi anazaliwa haoni wala hasikii. Macho yanafunguka kwenye wiki ya 2 hivi, masikio yanaanza kufanya kazi kuelekea wiki ya 3, kwahiyo kishindo cha siku chache baada ya kuzaliwa hakimfikii kama kishindo hichohicho akiwa na wiki 8. Kuanzia wiki ya 3 mpaka ya 12, wengine wanasema mpaka ya 14, ndo kipindi anachojifunza dunia ni nini, watu ni nani, kipi cha kawaida na kipi cha kukimbia. Mwanzoni mwa kipindi hicho udadisi unazidi woga, anaenda kunusa kila kitu, halafu woga unaanza kupanda taratibu, na kwenye wiki ya 8 mpaka ya 10 hivi papi wengi wanapita kwenye siku ambazo tukio moja baya tu linaweza kuganda kichwani. Na hizo ndo wiki tunazowatoa kwa mama zao, tunawapakia kwenye gari, tunawapeleka kuchomwa sindano na tunawalaza peke yao kwa mara ya kwanza, vyote ndani ya siku chache. Kwahiyo kabla hujamlaumu mfugaji kwa kila kitu hesabu na hayo ya kwako.

Sasa nisimulie ya Tausi.

Alikuwa na wiki nane hivi, yuko bandani na ndugu zake na mama yao, mbwa dume mkubwa wa mtu mwingine akaruka uzio akaingia. Mama akamvaa, wakapigana palepale katikati ya watoto, beseni la bati la maji likapinduka likawa linaburuzwa huku na huku kwenye sakafu ya sementi mpaka watu wakaja kuwaachanisha. Hakuna papi aliyeng'atwa. Mfugaji alinieleza mwenyewe siku ya kumchukua na namshukuru mpaka leo, maana wengi wangenyamaza.

Mtu yeyote angetegemea huyu atakuja kuogopa mbwa wakubwa, na kweli akikutana nao alikuwa anaganda kidogo halafu anaendelea na mambo yake. Kilichokuwa kinamtoa roho ni sahani ya bati. Ukiiweka tu chini ikatoa ule mlio wa kukwaruza sakafu, anashuka tumbo mpaka karibu liguse chini, mkia kaufyata, masikio yamelala nyuma, anarudi kinyumenyume hadi agonge ukuta, na akishafika ukutani anaanza kulamba midomo na kupiga miayo kama mwenye usingizi wakati ndo kwanza kaamka. Chakula alichokuwa anakililia muda mfupi uliopita hakigusi. Ukimuangalia macho unaona weupe pembeni, kageuza kichwa lakini jicho halibanduki kwenye sahani.

Naeleza hivi kwa urefu kwa sababu ndo sehemu inayowachanganya watu. Ubongo wa papi aliyeshtuka hauchagui nani mwenye kosa, unashika chochote kilichokuwepo pale, iwe sauti, harufu, aina ya sakafu, mtu mwenye kofia, chochote. Kwahiyo unaweza kuambiwa "aliogopeshwa na mbwa" ukajiandaa kwa mbwa, kumbe ubongo wake umeshika mlio wa bati. Usibishane naye. Usijisemee "lakini bati halijamfanya kitu". Kaa uangalie mwenyewe ni kitu gani hasa, kwa umbali gani, kwa sauti ya kiasi gani, andika hata kwenye simu, maana bila hiyo utakuwa unatibu kitu ambacho hakipo.

Ndugu yake mmoja, jike pia, alichukuliwa na watu ninaowafahamu. Banda lilelile, siku ileile, beseni lilelile, na yeye alikuwa anacheza na mifuniko ya sufuria toka wiki ya kwanza kufika kwao. Watu wananiuliza inakuwaje. Inakuwa hivyo kwa sababu papi hawafanani hata wa tumbo moja, woga una sehemu ya kurithi, na mama ana mchango mkubwa, wa damu na wa malezi. Kuna watafiti wa Finland walitoa kazi mwaka 2015 wakionyesha kwamba mbwa waoga walikuwa na mwelekeo wa kuwa na historia ya kuzoeshwa mambo kidogo na ya kupata matunzo hafifu ya mama walipokuwa wadogo. Ndo maana mi nikimshauri mtu anayeenda kuchukua papi namwambia usiangalie watoto tu, omba kumuona mama, ingia pale alipo, uone anakupokeaje. Mama akijificha au akikung'akia muda wote mbele ya watoto wake, na watoto wanaona, hiyo ni habari kubwa kuliko kisa chochote utakachosimuliwa.

Na hapa kuna jambo linaniuma kidogo. Papi akiogopa watu, karibu kila mtu anasema "huyu alipigwa". Inawezekana. Lakini mara nyingi huyo mtoto hakuguswa na mtu, na hapo ndo tatizo lilipo, hakuguswa na mtu! Mwaka 1961 Marekani, Freedman, King na Elliot walichapisha jaribio ambalo walilelea papi kwenye eneo lenye uzio mrefu bila kukutana na binadamu, wengine wakawa wanatolewa kwa wiki moja wakiwa na umri tofauti, wiki 2, 3, 5, 7 au 9, wakakaa na watu kisha wakarudishwa, na wengine hawakutolewa kabisa mpaka wiki ya 14. Wale wa mwisho walikuwa kama wanyama pori, wanaogopa watu kupita kiasi na hawakuwa na hamu ya kusogea, na hakuna aliyewapiga. Kwahiyo papi aliyefungiwa bandani nyuma ya nyumba, anapewa chakula na kuachwa, anaweza kuja kwako anatetemeka sawasawa na aliyeteswa. Ukimchukulia kama aliyeteswa utakuwa unamuonea huruma na kumuacha pembeni "apumzike", wakati anachohitaji ni kukutana na watu kwa utaratibu, na siku zenyewe zinamtupa.

Swali la kumuuliza mfugaji sio "kuna kitu kilimtisha?" peke yake. Muulize baada ya hapo ilikuwaje. Walirudi kula saa ngapi? Mama alikuwa nao au alitolewa? Kuna mtu alikaa nao? Papi aliyeshtuka akakimbilia kwa mama yake, akanyonya, akalala, akaamka akacheza, huyo amejifunza kwamba jambo baya linapita. Aliyeshtuka halafu hana pa kukimbilia, kafungiwa na kile kinachomtisha, au kinarudi kila siku, huyo ndo wa kumfuatilia kwa karibu.

Nilichofanya kwa Tausi. Sahani ya bati iliondoka kabisa kwenye habari ya chakula, akawa anakula kwenye kipande cha mkeka. Sahani yenyewe nikaiweka kona ya mbali, tupu, haifanyi kitu, haisogezwi, mpaka akaenda mwenyewe kuinusa, na hapo sikumsifia kwa kelele, nilimrushia tu kipande cha nyama nyuma yake ili akitaka kuondoka aondoke. Hiyo ya kuwa na njia ya kuondoka sijui niseme mara ngapi watu waielewe. Usimshike, usimbebe ukampeleke kwenye kitu, usimfungie nacho chumbani "azoee", maana papi akishindwa kukimbia anaganda, na mtu akiona kaganda anasema ametulia.

Halafu mlio. Nilimuomba mtu akae chumba kingine mlango umefungwa, sahani imefunikwa kitambaa, anaigonga na kijiko taratibu mara moja. Tausi ananyanyua masikio, nampa nyama. Mlio tena, nyama tena. Mara mbili tatu basi, tunaacha, tunaenda kucheza. Mpangilio ni mlio kwanza na nyama baadae, sio nyama kwanza, kwasababu ukimuonyesha nyama halafu ndo mlio utokee atajifunza kwamba nyama ikija kuna balaa linafuata na utakuja kumkuta anakukimbia wewe na nyama yako. Tulipoona anasikia mlio na kunigeukia mimi mwenyewe kudai chake, ndo kitambaa kikaondolewa, baadae mlango ukaachwa wazi kidogo, na kuendelea. Ukiona ameacha kula, umeenda haraka, rudi hatua mbili nyuma siku hiyohiyo bila kulazimisha.

Na ndo hapo niliona lile la kurudi. Mwanzoni akishtuka anakaa chini ya kitanda mpaka giza liingie. Baadae anashtuka, anakimbia mpaka mlangoni, anageuka kuangalia. Baadae tena anashtuka palepale, anajikung'uta kama katoka kwenye maji, anaendelea kunusa. Kushtuka kulikuwepo bado! Ungeangalia kushtuka tu ungesema hakuna maendeleo.

Kuna ushauri mmoja unazunguka sana kwamba papi akiogopa usimbembeleze, eti unamzawadia woga. Mi siukubali. Woga sio kitu anachokifanya ili apate malipo, ni hali inayomkamata, na ukimuacha ajikunyate miguuni kwako au ukamshika taratibu kifuani kama mwenyewe anakuja, hutamuongezea. Cha kuepuka ni wewe kupaniki, kupiga kelele, kumkimbilia na kumnyakua ghafla kabla hajajua hata kilichotokea.

Chanjo. Wengi wanamfungia papi ndani mpaka chanjo zote ziishe, na zikiisha anakuwa ameshapita wiki ya 14 au 16, kipindi chenyewe kimekwisha. Chama cha madaktari wa mifugo wanaoshughulika na tabia za wanyama Marekani, AVSAB, kilitoa msimamo mwaka 2008 kwamba papi anaweza kuanza madarasa ya kuzoeshwa akiwa na wiki 7 mpaka 8, angalau siku 7 baada ya chanjo ya kwanza na akiwa ameshapewa dawa ya minyoo ya kwanza. Sio kwamba umuachie azurure, parvo ni ugonjwa unaoua kweli, mtoe ukiwa umembeba, akae mapajani aangalie magari na watoto wa shule wanapita, akutane na mbwa wazima unaojua wamechanjwa na wana tabia nzuri, asikanyage sehemu ambazo mbwa wasiojulikana wanajisaidia. Muulize daktari wako hali ya magonjwa ilivyo hapo ulipo. Kwa papi aliyeshtuliwa hili lina uzito zaidi, maana yeye anahitaji mambo mazuri mengi ya kuzidi lile moja baya, na anahitaji ayapate sasa.

Ila mengi hayamaanishi kwa mkupuo. Nimeona watu wakisikia hivi wanampeleka mtoto kwenye kundi la watu ishirini, kila mtu anamshika kichwa. Kitu kipya kimoja kwa siku, kifupi, cha mbali, halafu alale. Papi analala sana na usingizi ni sehemu ya kazi.

Mwone daktari mapema kama papi anakataa kula siku nzima, kama anajikojolea kwa woga hata kwa vitu vidogo, kama anaanza kung'ata akisogelewa, au kama ule muda wa kurudi unazidi kuwa mrefu pamoja na kwamba unaenda taratibu. Daktari aangalie kwanza maumivu, sikio, tumbo, jino, mguu, maana papi anayeumwa anaonekana mwoga. Dawa za kupunguza woga zipo na daktari anajua kama zinamfaa huyo wako, usimpe za watu na usimpe kitu ulichosikia kwa jirani.

Halafu jiandae na ujana. Kuanzia miezi 6 mpaka hata 14 hivi, kutegemea na aina ya mbwa, anaweza ghafla kuanza kuogopa vitu alivyokuwa ameshavizoea, na vilevile vya zamani vikarudi. Tausi alirudia bati akiwa kwenye umri huo. Tulichukua kile kitambaa tukafunga tena sahani, mlango ukafungwa, tukaanza na kijiko mara moja kwa siku, na safari hii ilienda haraka kuliko ya kwanza.