Muulize Nesi: "Amenenepa, sasa anataka kuacha dawa za TB"

Shikamoo nesi. Mume wangu ni mchimbaji Mirerani. Huu mwezi wa pili anameza dawa za TB. Kikohozi kimeisha, amenenepa, anasema dawa basi, anarudi machimboni. Tena mkojo wake umekuwa rangi ya chungwa, anadai dawa zinamuua figo. Mama mkwe naye kamtengea sahani na kikombe. Nifanyeje?
Mama wawili, Ngarenaro, Arusha

Marahaba mwanangu. Tuanze na huo mkojo, maana umewakimbiza wengi. Ni rangi ya rifampisini tu, mojawapo ya dawa anazomeza. Hata jasho na machozi huguswa. Kliniki ya kifua nilikuwa nawauliza, "Mkojo leo una rangi gani?" Akinijibu mweupe kama maji, najua vidonge vimelala chini ya godoro.

Kunenepa sasa. Mwezi wa pili ndio niliopotezea wagonjwa wengi. Homa za usiku hakuna, ugali unashuka, mkanda umerudi tundu lake la zamani. Na sisi tena tunapunguza dawa kutoka aina nne hadi mbili, basi mtu anajiona kahitimu. Wapi! Wadudu waliokuwa wanazaliana upesi ndio waliokufa. Waliobaki wamesinzia, na hao wanahitaji ile miezi minne mingine. Ukiwaacha wanaamka, na safari hii huenda dawa zisiwaweze. Kuna kijana wa machimboni simsahau: kadi yake iliishia wiki ya tisa. Alirudi kabebwa mgongoni na kaka yake, tukampeleka hospitali ya Kibong'oto, kule Siha, kwa TB sugu.

Vumbi la mawe linachakaza mapafu na kuifungulia TB mlango. Mimi ningempumzisha amalize dozi. Akishikilia kwenda, aombe kliniki imhamishie kituo cha huko huko. Dawa ni bure.

Sahani zirudi kabatini. TB hupita hewani mtu akikohoa, haikai kwenye kikombe. Mama mkwe mwombe (kwa adabu, unamjua mwenyewe) afungue madirisha.

Hukuniambia umri wa watoto. Aliye chini ya miaka mitano mpeleke kliniki hata kama hakohoi, apimwe, maana wapo wanaoanzishiwa dawa za kinga. Na baba yao aende na makohozi ya alfajiri kwa kipimo cha mwezi wa pili. Avute kutoka kifuani. Wengi hutuletea mate, na mate tunayarudisha.