Jibu: Kwa nini kanisa la Świdnica lilijengwa kwa miti na udongo

Ndugu, umeuliza kwa nini Walutheri wa Świdnica, katika Polandi ya leo, walijenga kanisa kubwa kwa miti na udongo. Hawakuchagua wenyewe: baada ya Mkataba wa Westphalia wa mwaka 1648, uliomaliza vita vya Wakatoliki na Waprotestanti huko Ulaya, Kaisari Ferdinand III, Mkatoliki, aliwaruhusu makanisa matatu tu katika Silesia, jimbo lenye mji wa Świdnica lililokuwa chini yake, nje ya kuta za mji, bila mawe, matofali wala mnara, tena yakamilike kwa mwaka mmoja. Mbunifu Albrecht von Säbisch akasimamisha nguzo na mihimili ya mbao, na nafasi kati yake zikajazwa udongo uliochanganywa na mabua, karibu kama tunavyokandika nyumba za fito. Uzuri wenyewe, kwangu mimi, uko ndani, ambako roshani zilizopakwa rangi zimepandana hadi kanisa likatosha watu wapatao 7,500. Kati ya yale mengine mawili, la mji wa Jawor nalo lingali limesimama. La mji wa Głogów liliteketea mwaka 1758.