Deilili zimegoma kuchanua? Pasua kichaka

Dada, umeeleza kwamba deilili zako (maua ya bustani yaitwayo daylily kwa Kiingereza) huko Minnesota, Marekani, zilichanua miaka minne, sasa ni majani matupu licha ya mbolea. Yalinikuta hayo hayo hapa Ohio. Mbolea iache kwanza. Naitrojeni iliyomo ikizidi, unalisha majani tu.

Nimekulia Kagera, na kilichonifumbua macho ni migomba ya nyumbani. Mama hakuacha shina libaki na machipukizi mengi, maana mkungu ungekonda. Deilili nazo ni hivyo hivyo: kichaka hujazana hadi mizizi ikanyang'anyana maji na chakula. Kila baada ya miaka mitatu hadi mitano kinahitaji kupasuliwa, yaani kugawanywa vipande na kupandwa upya.

Nilisubiri mwisho wa Agosti, zilipomaliza kuchanua, ili mizizi ipate wiki kadhaa za kushika kabla ardhi haijaganda. Nikapunguza majani yakabaki kama sentimita 15, nikang'oa kichaka kizima kwa uma wa bustani, nikakiosha udongo wote kwa mpira wa maji. Hapo unaona wazi kila mche na majani yake yaliyojipanga kama upepeo. Tumia kisu kikali, uache miche miwili au mitatu kwa kila kipande. Mara ya kwanza nilikosea, nikavifukia kama viazi. Shingo, yaani pale majani yanapokutana na mizizi, isizidi sentimita 2 au 3 chini ya udongo. Kati ya kipande na kipande acha sentimita 50. Mwaka uliofuata nilipata maua ya kuhesabu. Mwaka wa pili mabua yalijaa vitumba.

Wingi wa vitumba ndio wa kuangalia, kwa sababu ua moja huishi siku moja. Jina lake la kisayansi lenyewe, Hemerocallis, kwa Kigiriki ni uzuri wa siku.

Chunguza na jua. Zikipata chini ya saa sita, kupasua peke yake hakutatosha. Zangu za chini ya mti wa jirani nilizihamisha kabisa.

Kama zako ni zile za rangi ya chungwa zinazoota kando ya barabara, zitenge. Kwa kawaida hazitoi mbegu, ila hutambaa chini kwa chini na kumeza bustani. Mimi naipenda aina ya deilili iitwayo Stella de Oro, fupi, ya njano, iliyosajiliwa 1975, kwa kuwa huchanua tena na tena.

Na tafadhali, kama una paka, usiziingize ndani hata ua moja. Akitafuna kidogo tu, figo zake zinaweza kufa.