Mume wangu anataka boti ya mashine 40, mi magoti yananiuma. Tununue chombo gani?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi na mume wangu tupo hapa Tanga, yeye anastaafu mwakani mi nimebakiza miaka miwili. Tangu tumeoana tunapenda kuvua kwa mshipi, zamani tulikuwa tunakodi ngalawa pale Sahare jumamosi, tunatoka na kijana mwenye chombo tunarudi na changu wawili watatu, roho kwatu. Sasa mwenzangu kashaanza kupiga hesabu za kiinua mgongo, kaona boti ya faiba futi 28 ina mashine ya nguvu farasi 40 na kila jioni ananionesha picha kwenye simu. Mi sikatai, ila goti langu la kushoto bovu, yeye mgongo, na biashara hatutaki, tunataka kitoweo na kupunga upepo tu. Tuichukue hiyo au kuna chombo cha watu wa umri wetu? (Mama Wawili, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie huyo bwana aweke simu chini kwanza. Futi 28 kwa watu wawili ni kama kununua daladala ya kwendea sokoni, ile imetengenezwa ibebe vijana sita saba na nyavu na barafu, nyie mkipanda wawili inaelea juu juu kama kibuyu, kila wimbi linaipiga tumboni puu, na mgongo wa mwenzio ndo utahesabu mapigo yote mpaka mrudi.

Mi kabla ya futi ngapi mashine ngapi huwa nauliza, mtapandaje? Chombo huku kwetu hakikai mlangoni, kinaelea huko, na Tanga siku za bamvua, bahari inapojaa na kukupwa sana, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, asubuhi umekiacha kwenye maji ya goti ukirudi kunywa chai kipo kwenye maji ya kifua au kimekaa topeni kabisa. Yalishanikuta. Nilinunua mashua nzuri, mbavu ndefu, makusudi ili mke wangu asilowe, siku ya kwanza tukaikuta maji ya kifua, mama akashika ukingo akajaribu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu vijana watatu wakamnyanyua wakamtupia ndani kama nguru, kanga imemganda mwilini, hakusema neno mpaka tunarudi. Na hakupanda tena. Mashua nikaiuza kabla msimu wa upepo wa kusi haujaisha.

Kwa hiyo kabla hamjatoa hela nendeni wote wawili mkasimame na hiyo boti mnayotaka kwenye maji ya kiuno, na nguo zenu zile zile za kuvulia, kila mtu apande mwenyewe bila kushikwa. Ikishindikana lakini chombo mmekipenda, fundi wa kuchomelea atawatengenezea ngazi ya kukunja ya bomba la stenlesi, vidato vitatu au vinne, ifungwe tezi, yaani nyuma ya chombo, pembeni ya mashine. Kidato cha mwisho lazima kizame ndani ya maji mpaka usawa wa magoti yako, mafundi wengi wanakiishilizia juu ya maji ili ngazi ipendeze, hapo mmetupa hela. Na mtu akiwa kwenye ngazi mashine imezimwa, hilo halina mjadala.

Sasa chombo chenyewe. Ngalawa naipenda, mirengu, zile mbao za pembeni, inaishika haiyumbi ovyo, ila tumbo lake jembamba unakaa magoti yamekaribia kidevu, yale masaa manne ya kuvua wewe na goti lako mtagombana. Mashua ndogo ya mbao ndo inakaa vizuri majini kuliko zote, nzito, imetulia, lakini mbao ina kazi zake, kila baada ya muda uipandishe pwani, uichome makuti chini kuua ile minyoo inayotoboa mbao, utie kalafati ya pamba kuziba mianya, upake deheni, yale mafuta ya chombo, na mkikaa nayo mmeshika upo, kile chombo cha kuchotea maji, mnakumba maji badala ya kushika mshipi. Hiyo kazi ya vijana. Roho yangu iko kwenye mbao ila kwenu nasema faiba, futi 18 mpaka 20, upana usipungue futi 6, maana utulivu wa boti ndogo uko kwenye upana, siyo urefu.

Faiba ya mkononi muiangalie kweli kweli. Ule ubao wa tezi unaobeba mashine mara nyingi ni plaiwudi iliyofunikwa faiba, maji yakipenya kwenye matundu ya bolti inaoza ndani kwa ndani na nje rangi inang'aa. Shikeni mguu wa mashine muupandishe na kuushusha kwa nguvu, huku mwingine anatazama ubao, ukicheza hata kidogo geuzeni mrudi nyumbani. Sakafu nayo gongeni kwa kipini cha kisu, ikilia ko ko ko ni nzima, mahali sauti inapokuwa bubu hapo pameoza au pamelowa.

Mashine 15 inawatosha. Ya tu-stroku ni nyepesi, mafuta mnachanganya 50 kwa 1, yaani lita 10 za petroli na mililita 200 za oili, ila ikiwa mpya fuateni kitabu chake kwanza. Ya fo-stroku haina kelele na inakula kidogo, lakini ni nzito, uzito unafika kama kilo 50, na mashine hizi zinaibiwa, mtakuwa mnaitoa na kurudi nayo nyumbani. Alafu kamba ya kuwashia uivute WEWE, mama, siyo yeye. Mzee akibanwa na kifua huko karibu na kisiwa cha Yambe nani atarudisha boti? Kama huwezi kuiwasha mwenyewe na kuileta dikoni, pale vyombo vinapoegeshwa, mwenyewe basi tafuteni yenye selfu.

Kivuli msikidharau, turubai kwenye mabomba manne, ila liwe la kukunjika maana kwenye upepo linageuka tanga. Ubao wa kukalia uwe na kiegemeo. Na ndoo yenye mfuniko nyuma ya kipande cha pazia, mnacheka lakini wanawake wengi hawaendi baharini kwa sababu hiyo tu na hawasemi.

Matlai, kile kipindi cha upepo mwanana kati ya kusi na kaskazi, ndo msimu wenu, mtoke alfajiri na umande bahari ikiwa mafuta. Kusi likishika mwezi wa sita hivi pandisheni boti mlime bustani. Kuhusu karatasi, kabla ya kununua pitieni BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa fukwe, ya diko lenu na afisa uvuvi wa halmashauri kwa ajili ya leseni, TASAC, lile Shirika la Uwakala wa Meli, kwa ukaguzi wa chombo, na mumuulize muuzaji nyaraka zake mkiwa hamjatoa hata shilingi.

SWALI: Mzee habari, nimepata mashine used ya 15 iliyokuwa inafanya kazi baharini, nataka kuileta ziwani Mwanza. Kuna ubaya? (Kijana wa Ilemela)

JIBU: Ubaya hakuna, ila chumvi ndo ugonjwa wake. Itumbukize mguu kwenye pipa la maji yasiyo na chumvi, iwashe, tazama lile tundu la pembeni linalokojoa. Mkojo ukiwa mwembamba au unakatika katika ujue njia za maji zina chumvi imeganda au impela ya pampu, ile feni ya kusukuma maji, imekwisha, impela ni ya kubadilisha tu lakini njia zikiziba ni kufungua kichwa, kwa hiyo punguziwa bei. Ikikojoa vizuri dakika kumi na maji yanatoka vuguvugu tu siyo ya moto, mlipe mtu hela yake.